Sura ya Tano: Ganzi Haipatani na Usaha

Katika wilaya zinazoishi kwa korosho na ufuta, jino linalouma hupangiwa foleni. Kuna miezi ya kupuliza salfa mikorosho, kuna miezi ya kuokota na kupeleka ghalani, kisha kuna kusubiri mnada. Ufuta nao una zamu yake. Kati ya shughuli hizo zote, mwenye jino bovu hujiambia kwamba litangoja. Gego la mwisho ndilo linaloahirishwa kuliko meno mengine, kwa sababu maumivu yake huja na kuondoka. Linauma siku nne, linatulia miezi miwili, na kila likitulia mwenyewe huamini kwamba limepona.

Sababu ya pili ya kuahirisha ni woga. Kila kijiji kina mtu aliyewahi kung'olewa gego la mwisho na kuondoka na simulizi ya kutisha: alichomwa sindano tatu, nne, na bado alisikia kila kitu. Simulizi hizo nyingi ni za kweli. Lakini anayezisikia huondoka na funzo lisilo sahihi. Huamini kwamba ganzi ya hospitali za wilayani ni dhaifu, au kwamba gego la mwisho halikubali ganzi, kumbe tatizo mara nyingi lilikuwa siku aliyokwenda yule msimuliaji. Alikwenda shavu likiwa limeshavimba.

Sura hii inaeleza njia tatu za kumwondolea mtu maumivu anapong'olewa gego la mwisho, yaani ganzi ya sindano, dawa ya kutuliza na nusu kaputi, pamoja na mambo atakayokutana nayo mgonjwa wa wilaya ya Nachingwea au ya Ruangwa kabla, wakati na baada ya kazi hiyo. Ndani yake kuna neno moja ambalo ningependa lifike Kilimarondo, Naipanga, Mnacho na Mbekenyera: ganzi ya kawaida inatosha kwa magego mengi ya mwisho, mradi mgonjwa awahi.

Jino linalokosa nafasi

Magego ya mwisho huota kwa kawaida kati ya umri wa miaka 17 na 25, wakati meno mengine yote yameshakaa mahali pake. Wengi wanayo manne, wengine mawili au matatu, na wapo wasiojaliwa hata moja. Taya likiwa fupi, jino hilo hukosa nafasi. Huegemea gego la jirani, hulala ubavu ndani ya mfupa, au huchomoza nusu na nusu nyingine ikabaki chini ya fizi.

Hilo lililochomoza nusu ndilo lenye matata zaidi, hasa la chini. Kipande cha fizi hubaki kimelifunika, na chini yake hujificha mabaki ya chakula na vijidudu, mahali ambapo mswaki haufiki. Fizi huvimba, gego la juu huigonga kila mtu anapotafuna, usaha hujikusanya, na misuli ya taya hukaza hata kinywa kikashindwa kufunguka. Baadaye uvimbe hutulia wenyewe au kwa dawa, lakini ile nafasi iliyo chini ya fizi ipo palepale ikisubiri mara nyingine.

Si kila gego la mwisho ni la kung'olewa. Nchini Uingereza, taasisi ya NICE ilitoa mwongozo mwaka 2000 ikiwataka madaktari waache kuyang'oa yale yasiyo na ugonjwa, kwa kuwa upasuaji una hatari zake na faida ya kung'oa jino zima haijathibitika. Sababu za haki ni hizi: fizi inayovimba mara kwa mara, jino lililooza kiasi cha kutozibika, jino linaloharibu gego la jirani, au uvimbe unaokua ndani ya taya. Mtu akishauriwa kung'oa, ana haki ya kuuliza ni ipi kati ya hizo inayomhusu.

Kwa nini ganzi hushindwa

Dawa ya ganzi inayotumika sana katika vyumba vya meno vya hospitali zetu ni lignokeini. Ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na wanakemia Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, na Lundqvist alijidunga mwenyewe ili kuipima. Ilianza kuuzwa mwaka 1948, na mpaka leo haijaondolewa kwenye kiti chake.

Kazi yake inaeleweka vizuri. Mshipa wa fahamu hupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo kwa njia ya umeme, na umeme huo huzalika pale chembe za sodiamu zinapoingia ndani ya mshipa kupitia milango midogo. Lignokeini huiziba milango hiyo, na huiziba kutokea ndani. Ili ifike ndani, sharti kwanza ivuke utando wa mafuta unaouzunguka mshipa, na molekuli zinazoweza kuvuka ni zile tu zisizo na chaji ya umeme. Katika nyama yenye afya, karibu robo ya molekuli za dawa huwa katika hali hiyo. Zinavuka, zinafanya kazi, na mgonjwa anapata nafuu.

Penye usaha mambo hubadilika. Vijidudu na uvimbe huongeza asidi, na asidi ikiongezeka hata kwa kiasi kidogo, molekuli zinazoweza kuvuka hupungua kutoka robo hadi chini ya moja ya kumi. Zaidi ya hapo, nyama iliyovimba ina damu nyingi inayopita, nayo huisomba dawa kabla haijamaliza kazi. Na mishipa ya fahamu yenyewe, ikiwa imeshachokozwa kwa siku kadhaa, huwa myepesi wa kutoa habari ya maumivu. Sababu zote tatu huungana siku moja, kwa mgonjwa mmoja, katika kinywa ambacho pia hakifunguki vya kutosha kumruhusu mtaalamu kufikisha sindano mahali panapotakiwa.

Hapo ndipo simulizi za kutisha zinapozaliwa. Mtu anaogopa, kwa hiyo anachelewa. Amechelewa, kwa hiyo jino limetunga usaha. Usaha umeipunguza nguvu ganzi, kwa hiyo ameumia. Ameumia, kwa hiyo anarudi kijijini na kuwatia woga watu kumi, nao wanachelewa. Hakuna dawa mpya inayohitajika kuukata mzunguko huu. Unakatwa na mgonjwa anayekwenda wakati fizi imetulia, siku ambazo jino haliumi.

Anayefika akiwa amevimba hafukuzwi. Mara nyingi mtaalamu ataosha chini ya fizi, atautoa usaha kama umejikusanya, na pengine ataandika dawa za kuua vijidudu na za maumivu, kisha atapanga siku ya kung'oa. Mgonjwa ashike hapa: akinywa dawa hizo na maumivu yakaisha, safari haijaisha. Siku ile anayojisikia mzima ndiyo siku nzuri ya kurudi.

Njia ya kwanza: ganzi ya sindano

Kwa mtu mzima mwenye afya, hii ndiyo njia iliyo salama kuliko zote, na ndiyo inayopatikana karibu naye zaidi. Mgonjwa anakuwa macho, anapumua mwenyewe, anazungumza, na jioni anakula kwake.

Gego la juu ni rahisi. Mfupa wa taya la juu una matundu mengi madogo, hivyo dawa inayodungwa kwenye fizi karibu na mzizi hupenya hadi kwenye jino. Taya la chini lina mfupa mgumu, na dawa haipenyi. Kwa hiyo mtaalamu huufuata mshipa mkuu wa fahamu kule unakoingilia kwenye mfupa, nyuma kabisa ya kinywa, kwa ndani ya taya. Wa kwanza kujaribu njia hiyo alikuwa daktari mpasuaji wa Marekani, William Halsted, pamoja na wenzake, katika miaka ya 1884 na 1885. Walitumia kokeini, dawa ambayo Carl Koller wa Vienna alikuwa ametoka kuonyesha kwamba hutia ganzi jicho. Halsted alilipa gharama kubwa, maana majaribio hayo yalimwacha na uraibu wa kokeini. Lignokeini haina uraibu wa namna hiyo.

Sindano ikishaingia, kinachotakiwa ni subira. Baada ya dakika 3 hadi 5 nusu ya mdomo wa chini huanza kuwa mzito, kisha upande mmoja wa ulimi na wa kidevu. Wengine huhitaji dakika 10. Mtaalamu makini atauliza, "Mama, mdomo umekuwa mzito?" kisha ataigusa fizi kwa kifaa chenye ncha kabla ya kuanza. Jibu la kweli ni msaada kwa wote wawili. Mtu asiseme ndiyo kwa heshima au kwa aibu. Aseme, "Dokta, bado mwepesi," na atangojewa au ataongezewa. Hata pasipo usaha, sindano ya taya la chini wakati mwingine hukosa shabaha kwa sababu mishipa ya watu haikai mahali pamoja. Kuongezewa ganzi ni jambo la kawaida.

Watu huuliza kama sindano mbili tatu zinaweza kuwa sumu. Hesabu inatuliza moyo. Kichupa kimoja cha lignokeini ya asilimia 2 chenye mililita 1.8 kina miligramu 36 za dawa. Kwa kipimo cha tahadhari cha miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito, mtu wa kilo 60 anaweza kupewa hadi vichupa 7. Gego la mwisho kwa kawaida linahitaji viwili au vitatu. Kwa mtoto, kwa mtu mwembamba sana na kwa mwenye ugonjwa wa ini au moyo, hesabu hiyo hupunguzwa.

Ndani ya kichupa mara nyingi huwamo adrenalini kidogo. Huibana mishipa ya damu ili ganzi ikae muda mrefu na damu ipungue. Kwa baadhi ya watu husababisha moyo kudunda haraka na mikono kutetemeka kwa dakika chache. Wengi hudhani wamedhurika na dawa, na tangu siku hiyo husema, "Mimi ganzi inanikataa." Mzio wa kweli wa lignokeini ni nadra sana. Mtu aliyewahi kuvimba uso, kutokwa na vipele au kushindwa kupumua baada ya sindano lazima aseme. Aliyedundwa na moyo kisha akatulia, aeleze hivyo hivyo ilivyokuwa, ili mtaalamu apime mwenyewe.

Upo pia usemi kwamba kung'oa jino la juu hupofusha macho. Mshipa wa kuona na mshipa unaohudumia meno ni miwili tofauti, na kung'oa jino hakuugusi ule wa kuona. Kinachoweza kutokea kwa nadra ni kope kulegea au mtu kuona vitu viwiliviwili kwa muda, dawa ikisambaa hadi jirani na jicho, na huisha ganzi inapoisha.

Njia ya pili: dawa ya kutuliza

Wapo watu ambao woga wao ni ugonjwa kamili. Wakiona sindano wanazimia au wanashika mkono wa mtaalamu. Kwao ipo dawa ya kutuliza, kwa mfano diazepamu ya kumeza usiku uliotangulia au saa moja kabla ya kazi, au midazolamu inayopitishwa kwenye mshipa. Mgonjwa anabaki macho, anaitika akiitwa, lakini wasiwasi umeshuka, na baadaye hakumbuki mengi. Dawa hii haiondoi maumivu. Ganzi ya sindano lazima iwepo.

Kwa wakazi wa vijijini njia hii ina masharti yasiyopuuzwa. Aliyepewa dawa ya kutuliza asiendeshe pikipiki wala gari kwa saa 24. Asipande bodaboda peke yake kwenye barabara ya vumbi, maana usingizi unaweza kumshika njiani. Aje na ndugu mtu mzima, na kama kwao ni mbali, wapange kulala mjini. Ya mshipa itolewe tu palipo na mtu wa kuangalia upumuaji muda wote, mashine ya kupima oksijeni kwenye kidole, na oksijeni yenyewe. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aseme, kwa kuwa baadhi yake huiongezea midazolamu nguvu kupita kiasi.

Njia ya tatu: nusu kaputi

Historia ya nusu kaputi, yaani kumlaza mgonjwa kwa dawa, imefungamana na meno. Tarehe 11 Desemba 1844, mjini Hartford nchini Marekani, daktari wa meno Horace Wells alivuta gesi ya nitrasi oksaidi kisha akang'olewa gego lake na mwenzake, John Riggs. Hakusikia maumivu. Mwezi uliofuata alijaribu kuonyesha jambo hilo hadharani Boston, mgonjwa akapiga kelele, na Wells akazomewa. Mwaka 1846 William Morton, aliyewahi kuwa mshirika wake, alifaulu kwa etha mjini humohumo, na dunia ya upasuaji ikabadilika.

Kwetu, dawa iliyobeba mzigo mkubwa wa upasuaji wa wilayani ni ketamini. Ilitengenezwa Marekani na Calvin Stevens mwaka 1962, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 1985. Sifa yake ni kwamba mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe na presha haishuki, kwa hiyo inafaa mahali ambapo mitambo ni michache. Lakini kinywa ni mahali pagumu kwa ketamini. Inaongeza mate, na mate pamoja na damu vinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Ndiyo maana kwa upasuaji mrefu wa magego mtaalamu wa usingizi huingiza mpira wa kupumulia, mara nyingi kupitia puani, ili kinywa kibaki wazi kwa mpasuaji. Wawili hao wanagawana nafasi moja finyu, na kila mmoja lazima ajue anachofanya mwenzake. Baadhi ya wanaoamka kutoka kwenye ketamini huona au kusema mambo ya ajabu kwa muda. Ndugu wasishtuke, na wasidhani kwamba ni mashetani.

Nusu kaputi ina hatari kubwa kuliko ganzi, kwa hiyo haipaswi kuombwa kwa sababu tu mtu ana uwezo wa kuilipia. Inawafaa wenye magego yaliyolala ndani sana ya mfupa, wenye usaha ulioenea hadi shingoni, wenye kinywa kisichofunguka kabisa, wenye ulemavu wa akili wasioweza kutulia kitini, na wachache wenye mzio wa kweli wa ganzi.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Anayekwenda kwa ganzi ya sindano ale vizuri kabla ya kuondoka, kwa kuwa njaa na woga vikikutana humfanya azimie. Anayekwenda kwa nusu kaputi akome kula saa 6 kabla, na akome kunywa maji matupu saa 2 kabla. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Kama kazi imepangwa asubuhi, chakula cha mwisho kiwe cha jioni iliyotangulia. Bibi anayempa mjukuu uji kwa siri kwa sababu ya huruma anamweka hatarini, maana tumbo likirudisha chakula wakati mtu amelala, kinaingia kwenye mapafu.

Wapi, na nani

Zahanati itatoa dawa ya maumivu na barua ya rufaa. Kung'oa kwa kawaida huanzia kwenye kituo cha afya chenye huduma ya meno au katika hospitali ya wilaya, kwa mkono wa tabibu wa meno au daktari wa meno. Tabibu wa meno amefunzwa kazi hii na anaifanya kila siku; gego la mwisho lililosimama wima na kuchomoza vizuri haliko juu ya uwezo wake. Gego lililolala ndani ya mfupa linahitaji picha ya eksirei, kukata fizi, kuondoa mfupa kidogo na kuligawa jino vipande. Hiyo ni kazi ya daktari wa meno mwenye vifaa, na mara nyingine ya mpasuaji bingwa wa kinywa na taya. Tanzania imekuwa ikiwafunza madaktari wa meno nyumbani tangu mwaka 1979, Muhimbili.

Ramani ya rufaa kwa watu wa wilaya hizi mbili ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Kwenda Lindi mjini kuna Hospitali ya Sokoine. Anayetoka Ruangwa akifika Nanganga, barabara kuu inampeleka upande mmoja Nyangao, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Walburga, na upande wa pili Ndanda, kwenye hospitali ya Wabenedikto. Wa Nachingwea huifikia Ndanda kwa kupitia Masasi. Mtwara ipo hospitali ya rufaa ya kanda. Kabla ya kupanda gari, mgonjwa aiombe hospitali ya wilaya iwapigie simu wenzao wa huko, ajue daktari wa meno yupo siku gani na kama bima yake ya afya inapokelewa kwa kazi hiyo.

Awe pia na orodha ya kumweleza mtaalamu bila kuulizwa: presha, kisukari, pumu, moyo, selimundu, ujauzito, dawa za kuzuia damu kuganda, dawa za kienyeji, pombe, na kama katika ukoo kuna mtu ambaye damu yake hukataa kukatika. Mjamzito asinyimwe huduma. Lignokeini ni salama kwake, na wakati mzuri ni miezi ya nne hadi ya sita. Lakini maradhi yanayofichwa ndiyo yanayoua kitini, kwa kuwa mtaalamu hawezi kujihadhari na asichokijua. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kitini

Ganzi ikishakamata, mgonjwa bado atahisi mambo mawili. Atahisi msukumo, wakati mwingine mkubwa, kwa sababu lignokeini huzima maumivu kwa urahisi kuliko inavyozima hisia ya kubanwa, ambayo husafiri kwenye nyuzi nene za fahamu. Na atasikia sauti: mfupa ukilia, jino likitikiswa, mashine ikikata. Sauti husafiri kupitia mfupa wa kichwa hadi sikioni, hivyo huonekana kubwa kuliko ilivyo. Msukumo na sauti havina madhara. Maumivu makali ya kuchoma ni jambo lingine, na mgonjwa hatakiwi kuyavumilia.

Wakubaliane ishara kabla ya kuanza, na iliyo nzuri ni kunyanyua mkono wa kushoto. Mkono ukinyanyuka, kazi isimame, ganzi iongezwe. Ujasiri wa kukaa kimya haumsaidii mtu yeyote. Mgonjwa anayejikaza hukaza na taya, na taya lililokaza huifanya kazi kuwa ndefu.

Jino lililosimama vizuri linaweza kutoka ndani ya dakika chache. La kupasuliwa linaweza kuchukua nusu saa au zaidi, kisha fizi hushonwa. Mtaalamu anapaswa kueleza mapema kwamba mshipa wa fahamu wa mdomo na ule wa ulimi hupita jirani na mizizi ya gego la chini. Mara chache hujeruhiwa, na ganzi ikabaki kwa wiki au miezi. Ganzi ya kudumu huwapata wachache sana, chini ya mmoja katika mia, lakini ni haki ya mgonjwa kulijua hilo kabla ya kukubali.

Wiki ya kwanza

Gozi, yaani kitambaa cha hospitali kinachowekwa juu ya kidonda, liumwe kwa nguvu dakika 30 hadi 45 bila kulitoa kutazama. Siku hiyo mtu asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asivute sigara, asiweke ugoro, asinywe kwa mrija. Damu iliyoganda kwenye shimo ndiyo mwanzo wa kidonda kupona, na ikitoka mapema mfupa hubaki wazi. Midomo na ulimi vitabaki na ganzi kwa saa 2 hadi 5, kwa hiyo asitafune wala asinywe chai ya moto mpaka hisia zirudi. Mtoto achungwe asijitafune mdomo.

Dawa ya maumivu inywewe kabla ganzi haijaisha, bila kusubiri kidonda kianze kuuma. Kwa mtu mzima, parasetamoli gramu 1, yaani vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, pamoja na chakula, huongeza nafuu sana zikitumika pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, matatizo ya figo au ujauzito asitumie ibuprofeni bila ushauri. Na mtu yeyote asiichanganye ibuprofeni na diklofenaki, kwa kuwa dawa hizo ni ndugu na madhara yake hujumlishana.

Kuanzia siku ya pili asukutue taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, hasa baada ya kula. Uji, supu, mbaazi zilizopondwa na ndizi mbivu vinafaa. Korosho na karanga za kukaanga, pamoja na bisi, zingoje wiki mbili, maana vipande vyake huingia kwenye shimo. Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu kisha hupungua. Kupiga salfa, kubeba magunia na kulima kungoje siku kadhaa.

Maumivu yanayopaswa kupungua yakizidi ghafla kati ya siku ya tatu na ya tano, yakapanda hadi sikioni na kinywa kikanuka, hilo ni shimo lililokauka. Linatibika kwa kusafishwa na kuwekewa dawa hospitalini. Kununua vidonge vingine dukani hakutalitibu. Mengine yanataka haraka zaidi: damu isiyokatika baada ya kuuma gozi kwa saa nzima, ganzi iliyobaki hadi siku ya pili, au homa. Kwetu homa yoyote hupewa jina la malaria. Apimwe malaria, ndiyo, lakini yule anayempima aambiwe pia kuhusu jino.

Na kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi, ziwe kabla ya kung'olewa au baada: uvimbe unaoshuka chini ya kidevu hadi shingoni, ulimi kunyanyuka, kumeza kwa shida, sauti kubadilika, kupumua kwa taabu. Usaha wa gego la chini ukishuka huko huweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Mtu huyo atafutiwe usafiri usiku huohuo.

Yeyote anayesoma sura hii huku gego lake la mwisho limetulia, baada ya kuvimba mara mbili au tatu, yuko katika wakati wake bora kabisa. Ganzi itashika. Kinywa kinafunguka. Tabibu atafanya kazi bila haraka. Mnada wa korosho una tarehe yake na utapita. Naye aende wiki hii, ale kabla ya kutoka nyumbani, achukue ndugu mmoja wa kumsindikiza, na akikaa kitini aseme wazi kila anachokihisi. Kisha akirudi, awasimulie watu wa kwao jinsi ilivyokuwa, maana simulizi moja ya kweli ya mtu aliyewahi itawapeleka hospitali majirani ambao bado wanaogopa.